Mbona sentimita kumi za theluji husimamisha treni?

Msomaji ameuliza: "Nchi za baridi hupata theluji kila mwaka, si jambo la kushtukiza. Mbona bado tunasikia treni zimekwama, safari zimefutwa na abiria wamelala njiani? Kuna mahali treni zinapita kwenye theluji ya mita nzima, na kwingine sentimita kumi tu zinavuruga kila kitu. Watu wa reli hufanya nini hasa, na kwa nini wasimwage tu chumvi kama barabarani?"

Ndugu msomaji, hiyo tofauti uliyoiona kati ya mita nzima na sentimita kumi ndiyo kiini cha jambo lenyewe. Kina cha theluji hakipimi tabu yake. Kichwa cha treni chenye uzito wa tani 80 hupita kwenye theluji laini iliyofunika reli bila kuhangaika. Kinachoisimamisha reli ni theluji kidogo iliyoingia mahali padogo: katikati ya vyuma viwili vinavyopaswa kubanana, ndani ya mota, kati ya breki na diski, au kati ya waya na chuma kinachochukua umeme. Ndiyo maana msimamizi wa njia haishii kuuliza imeanguka kiasi gani. Anauliza kama ni kavu au mbichi, upepo unatoka wapi, na baridi itafika nyuzi ngapi alfajiri.

Mahali pa kwanza pa kuangalia ni njia panda, pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili. Treni haina usukani. Ili ihame njia, inaongozwa na vipande viwili vya reli vilivyochongwa hadi ncha zake zikawa nyembamba, tuviite ndimi. Mota huzisogeza ndimi hizo kiasi cha sentimita kumi hivi. Ulimi mmoja unabanwa ubavuni mwa reli isiyosogea, wa pili unaachana na reli yake ili ukingo wa gurudumu upate pa kupita. Kisha kufuli linafunga, na kihisi kinapima kama ulimi umebana kweli. Pengo likizidi milimita chache tu, ishara inabaki nyekundu. Na ni haki ibaki nyekundu, kwa sababu gurudumu likiingia kwenye pengo hilo treni inaacha reli.

Sasa tia hapo donge la theluji lisilozidi ukubwa wa yai. Mota inasukuma, ulimi unalishindilia donge mpaka linakuwa barafu ngumu, na pengo linabaki. Opereta anarudisha ulimi nyuma na kujaribu tena mara mbili, tatu. Kila jaribio linaigandamiza barafu zaidi. Mwisho mota inajizima isiungue, na njia hiyo imefungwa hadi mtu afike kwa miguu.

Dawa ya kawaida ni hita: fito za umeme zinazobanwa kwenye shina la reli isiyosogea, kila mita ikitoa wati 200 hadi 350 hivi. Njia panda ndogo hutumia kilowati kadhaa, na zile ndefu za treni za kasi hupita kilowati 10 kwa mbali. Kihisi kimoja hupima joto la reli, kingine huangalia kama kuna unyevu au theluji inayoanguka. Hita inatakiwa iwake kabla ya theluji, chuma kiwe na joto tayari, kwa sababu kuzuia theluji isishike ni kazi nyepesi kuliko kuyeyusha iliyokwisha kuganda.

Hesabu yake inaonyesha vizuri kwa nini hita peke yake haitoshi. Kuyeyusha kilo moja ya barafu iliyo kwenye nyuzi sifuri kunahitaji kilojuli 334. Treni inapopita juu ya njia panda huitikisa barafu iliyoganda chini ya mabehewa, na kipande cha kilo 20 kinaweza kuanguka katikati ya ulimi na reli. Hita ya kilowati 10, hata kama kila chembe ya joto lake ingeingia kwenye kile kipande, ingehitaji dakika 11. Lakini joto halikai hapo: sehemu kubwa inaenda kwenye reli, kwenye mataruma yanayoibeba reli na kwenye upepo. Kwa hiyo dakika 11 zinageuka saa. Mtu mwenye mtaimbo na ufagio mgumu anakitoa kwa dakika moja.

Ndiyo sababu reli zote za nchi za baridi, ziwe na mitambo kiasi gani, bado zinapanga zamu za watu wa mikono wakati wa theluji. Ugumu uko kwenye kuwafikisha na kuwalinda. Hawawezi kuinama kati ya ndimi huku treni zinapita kila dakika tatu, na theluji inameza sauti ya treni inayokuja. Lazima njia ifungwe, au awepo mlinzi wa kuwapigia filimbi. Kwenye stesheni yenye pilikapilika, hizo nafasi za kufunga njia ndizo zinazokosekana.

Kuna njia nyingine za kupambana na jambo hilohilo. Urusi hutumia sana mabomba ya hewa iliyoshindiliwa yanayopuliza theluji itoke kwenye ndimi. Inafaa mahali penye baridi kavu ambapo theluji ni unga, haifai theluji mbichi. Katika stesheni kuu za Chicago, vichomeo vya gesi huwashwa kandokando ya reli, na picha zake husambaa kila mwaka zikisema reli zimetiwa moto. Chuma hakiungui, kinapashwa tu. Uholanzi ilichukua hatua nyingine ambayo kwangu ndiyo yenye busara kuliko zote: iliondoa njia panda zenyewe. Stesheni kuu ya Utrecht ilikuwa nazo karibu 200. Ilipojengwa upya katika miaka ya 2010 zikabaki 60 hivi, na kila treni ikapewa njia yake inayopita moja kwa moja. Njia panda isiyokuwepo haiwezi kuganda. Bei yake ni kwamba treni ikiharibika humo ndani, ujanja wa kuizunguka unapungua.

Jambo moja husahaulika: maji. Theluji iliyoyeyushwa lazima iende mahali. Mfereji chini ya njia panda ukiziba kwa majani na matope, maji yanatuama chini ya fito zinazounganisha ndimi, hita inazimwa, na usiku yanaganda yakiwa yamezishika fito zile. Kazi ya kuzibua mifereji hufanywa miezi kadhaa kabla ya baridi, pamoja na kupima kila fito ya hita. Fito iliyokatika haionekani kwa macho, lazima ipimwe kwa mita ya umeme.

Hayo ya njiani. Treni yenyewe nayo ina udhaifu wake.

Japani ilijifunza hili mapema. Reli ya kasi ya Tokaido ilifunguliwa mwaka 1964 ikipita Sekigahara, mahali penye theluji nyingi kati ya Nagoya na Kyoto. Treni ya kasi huzua upepo mkali chini ya tumbo lake. Theluji inarushwa, inagandia chini ya mabehewa, inanenepa. Treni ikifika kwenye hewa ya joto zaidi, mabonge yale yanaanguka kwa kasi ileile ya treni, yanapiga kokoto, na kokoto zinaruka hadi kuvunja vioo na vifaa. Suluhisho la Tokaido likawa kunyunyizia theluji maji kidogo ili iwe nzito isipeperuke, na kupunguza mwendo. Hawakuweza kumwaga maji mengi, kwa kuwa njia ile imelazwa juu ya kokoto na tuta la udongo, na maji yangelilainisha tuta.

Reli ya Joetsu iliyofunguliwa mwaka 1982, inayokwenda Niigata penye theluji nzito na mbichi, ilijengwa kwa kujua hayo. Njia imelazwa juu ya zege, na vinyunyizio vinamwaga maji yaliyopashwa joto kwa wingi, theluji inayeyuka palepale, maji yanakusanywa na kutumika tena. Reli ya Tohoku ya mwaka huohuo ilipita kwenye theluji nyepesi, basi wahandisi wakaacha nafasi pembeni mwa madaraja ya njia kwa ajili ya kuirundika tu. Nchi moja, mwaka mmoja, theluji mbili, majibu mawili. Nalipenda sana somo hilo, maana linajibu nusu ya swali lako: mbinu ya mahali pamoja haihamishwi hivihivi.

Mahali ambapo njia ina kokoto na treni ni za kasi, dawa ya haraka ni kupunguza mwendo. Ujerumani imewahi kuzishusha treni zake za kasi hadi kilomita 200 kwa saa siku za theluji kwa sababu hiyohiyo ya kokoto. Katika karakana za nchi za Skandinavia mabehewa huyeyushwa chini kwa maji ya moto yaliyochanganywa na glikoli, kimiminika kisichoganda upesi, au huingizwa kwenye banda la hewa ya moto. Glikoli inayobaki kwenye chuma huchelewesha barafu kushika upya. Kazi hii inakula saa kadhaa kwa treni moja. Kama karakana ina nafasi ya treni mbili na zinazohitaji ni kumi, nane zinabaki nje, na abiria ataambiwa tu kwamba "hakuna treni ya kutosha".

Kuhusu mota: mwaka 1991, mwezi Februari, Uingereza ilipata theluji kavu na laini kama unga. Ilipita kwenye vichujio vya hewa ya kupozea mota, ikayeyuka ndani, mota zikapiga shoti. Msemaji wa reli alipoeleza kwamba aina ile ya theluji ndiyo iliyoleta tabu, magazeti yalimcheka, na maneno ya "theluji ya aina isiyofaa" yamekuwa kichekesho hadi leo. Lakini kiufundi alikuwa sahihi kabisa. Usiku wa tarehe 18 kuamkia 19 Desemba 2009 treni tano za Eurostar zilikwama ndani ya handaki la chini ya bahari kati ya Ufaransa na Uingereza zikiwa na abiria zaidi ya 2,000. Theluji ya unga ilikuwa imeingia kwenye vyumba vya mitambo ya umeme huko nje kwenye baridi. Treni zilipoingia handakini, kwenye hewa yenye joto na unyevu, ikayeyuka juu ya mitambo hiyo. Ndiyo maana vichujio na vifuniko hukaguliwa kabla ya majira ya baridi.

Breki nazo zina hila yake. Theluji inashindiliwa kati ya pedi na diski, inayeyuka kidogo dereva anapofunga breki, kisha inaganda tena. Mara inayofuata breki inabana barafu badala ya chuma, na treni inachukua umbali mrefu zaidi kusimama. Kwa hiyo dereva hufunga breki kidogo kila baada ya muda, hata pasipo haja ya kusimama, ili pedi zibaki kavu na zenye joto. Kwenye treni ndefu za mizigo shida ni upepo wa breki wenyewe, yaani hewa iliyoshindiliwa inayoziendesha breki kupitia bomba. Baridi kali huzifanya mpira na gasketi kuwa ngumu, kila kiungo cha bomba kinavujisha kidogo, na kwenye mabehewa 150 hizo kidogo kidogo zinajumlika: mgandamizo hautimii mkiani. Nchini Kanada, baridi ikipita nyuzi 25 chini ya sifuri, mashirika ya reli hufupisha treni. Mzigo uleule unahitaji treni nyingi zaidi, vichwa vingi zaidi na madereva wengi zaidi, bila hata theluji kuanguka.

Baridi hukata reli pia. Reli za siku hizi zimechomelewa zikawa ndefu bila viungo. Chuma kinataka kusinyaa, mataruma yanakizuia, kwa hiyo kinavutika. Uingereza hufunga reli zake katika hali isiyo na mvuto kwenye joto la nyuzi 27. Ikishuka hadi nyuzi 10 chini ya sifuri, tofauti ni nyuzi 37, na reli ya kilo 60 kwa mita inavutwa kwa nguvu ya karibu tani 68. Reli nzima inavumilia. Yenye ufa mdogo kwenye weldi inaweza kukatika, hasa gurudumu lisilo mviringo kamili likiipiga. Ndiyo maana upimaji wa nyufa kwa mawimbi ya sauti hufanywa kwa bidii kabla ya baridi, na ndiyo maana mkondo mdogo wa umeme unaopitishwa kwenye reli kwa ajili ya ishara una faida ya pili: reli ikikatika, mara nyingi mkondo unakatika na ishara inageuka nyekundu.

Umeme wa juu hupata sakitu, ile barafu nyembamba nyeupe ya alfajiri. Waya na chuma cha pantografu, ule mkono ulio juu ya treni unaochukua umeme, havigusani sawasawa, cheche kubwa za samawati zinaruka, na zote mbili zinaliwa. Dawa ni kutoacha waya ukae kimya usiku. Treni tupu hupitishwa kila baada ya muda, ikikwangua sakitu na pia kuzuia theluji isirundikane njiani. Kusini mwa Uingereza hali ni mbaya zaidi, kwa sababu umeme wa volti 750 unapita kwenye reli ya tatu iliyo chini, na kiatu cha treni, kipande cha chuma kinachochukua umeme, kinateleza juu yake. Tabaka jembamba la barafu linatosha kuitenga treni na umeme. Huko hupita treni maalumu za kumwaga dawa ya kuzuia barafu, na hita huwekwa sehemu ambazo treni huanza kuondoka au kupanda mlima. Mahali ambapo kiatu kinagusa reli hiyo kwa chini, kama treni za mjini Berlin, barafu haina pa kukaa kirahisi.

Sasa ile theluji ya mita nzima. Theluji mpya ina uzito wa kilo 50 hadi 100 kwa mita ya ujazo. Ile iliyopigwa na upepo hufika 350. Chukua kilomita moja ya njia, upana mita 3, kina nusu mita: ikiwa mpya inaweza kufika tani 150, ikiwa imeshindiliwa ni zaidi ya 500. Plau yenye umbo la kabari huisukuma pembeni vizuri mara ya kwanza na ya pili. Baadaye kuta za theluji zinakuwa ndefu pande zote, theluji haina pa kwenda, na plau inajikuta ndani ya mtaro. Ndipo inapoletwa plau ya kuzunguka, yenye gurudumu kubwa la mapanga mbele, inayokata theluji na kuirusha mbali. Milima ya Sierra Nevada huko California imekuwa ikizitumia tangu enzi za mvuke. Hata hivyo, Januari 1952 treni iitwayo City of San Francisco ilizikwa huko siku tatu ikiwa na watu 226, kwa sababu theluji ilishuka kutoka mlimani nyuma ya plau kwa kasi kuliko ilivyoondolewa.

Ndani ya stesheni huwezi kurusha, maana kila upande kuna njia nyingine. Urusi ina treni za kusafishia zinazoizoa theluji kwa ngoma ya brashi, zikaipeleka kwa mkanda hadi mabehewa ya nyuma, kisha ikatupwa nje ya mji.

Kilicho bora ni theluji isifike njiani. Uzio wa mbao wenye nafasi wazi nusu kwa nusu unaupunguza upepo, na theluji inaanguka nyuma yake. Uzio uliozibwa kabisa ni dhaifu kuliko wenye matundu. Watu wengi hawaamini mpaka waone. Wenye kimo cha mita 2 unawekwa mita 70 hivi kutoka njiani, yaani mara 35 ya kimo chake, na chini unaachiwa pengo la sentimita 20 hadi 30 ili usizikwe na theluji yake mwenyewe. Ukiwekwa hivyo, kila mita ya urefu wake hushika karibu tani 40. Ukiusogeza karibu, umeirundika theluji juu ya reli kwa mikono yako.

Penye maporomoko ya theluji uzio hausaidii kitu. Tarehe 1 Machi 1910, huko Wellington katika jimbo la Washington, poromoko lilizifagia treni mbili zilizokuwa zimesimama zikisubiri njia isafishwe, wakafa watu 96. Baada ya hapo yakajengwa mapaa ya zege juu ya njia, na mwaka 1929 handaki la kilomita 12.5 likaondoa kabisa kipande kile cha hatari. Kwenye Rogers Pass nchini Kanada, jeshi hupiga mizinga mlimani ili theluji iporomoke kidogo kidogo wakati njia imefungwa. Norwe ilijenga mapaa ya mbao kwenye reli ya Bergen, nayo yana adui mwingine: Juni 2011 paa la stesheni ya Hallingskeid liliungua na treni ikateketea, abiria wote wakaokolewa.

Chumvi? Inakula chuma, vibano na kebo. Maji ya chumvi pia yanapitisha umeme vizuri, kwa hiyo mkondo wa ishara unavuja kutoka reli moja hadi nyingine na mtambo unadhani kuna treni mahali pasipo na treni. Kwenye majukwaa ya abiria hutumika dawa nyingine zisizokula chuma, na hata hizo hazimwagwi kiholela.

Na ratiba. Kufuta theluthi moja ya safari jioni kabla ya dhoruba kunaonekana kama woga. Lakini njia iliyopangiwa treni 20 kwa saa haina dakika ya kumwingiza mtu mwenye ufagio, na treni moja ikikwama, kumi na tisa zinasimama nyuma yake. Safari zikipunguzwa mapema, kila njia panda inageuzwa mara chache, au inafungwa upande mmoja isiguswe kabisa, na treni zilizobaki zinafika. Wanaosubiri mpaka mambo yaharibike ndio hupunguza safari nyingi zaidi, tena bila mpango.

Ukijikuta ndani ya treni iliyokwama, kaa ndani hata kama stesheni unaiona kwa macho. Karibu na Lewisham, London, tarehe 2 Machi 2018, abiria waliochoka kusubiri kwenye treni zilizokwama kwa barafu walianza kushuka wenyewe njiani, penye ile reli ya volti 750. Mtu mmoja akishuka, umeme lazima uzimwe kwa treni zote za eneo hilo, pamoja na ile iliyokuwa mbele yenu ikikaribia kuondoka. Hita na taa zikabaki kutegemea betri, na umeme haurudishwi hadi kila mtu athibitishwe kuwa ametoka njiani.